Gia ikigoma, uliza kwanza umetia oili gani

JE, msomaji, umewahi kuketi ndani ya gari lenye mbio, dereva akasukuma gia, na badala ya kuingia ikalia "krrr" kama changarawe ndani ya kinu? Kama hujawahi, mshukuru Mungu. Na kama umewahi, omba isitokee tena ukiwa kilimani nyuma ya lori.

Hayo ndiyo yaliyompata dada yangu mwaka jana. Alikuwa akitoka Naivasha kurudi Nairobi, ameketi kando ya mwanawe wa kwanza ndani ya Subaru Impreza WRX ya mwaka 1999. Walipokuwa wakipanda kutoka Mai Mahiu kuelekea Rironi, kijana aliona nafasi ya kulipita lori lililokuwa likijikokota. Akakanyaga klachi, akatoa gia ya nne ili aingize ya tatu. Gia ikalia, ikakataa. Akajaribu tena, ikakataa. Kwa muda huo wote injini ilikuwa ikinguruma bure, gari halivutwi na chochote, na matatu iliyokuwa ikiteremka ilikuwa imeanza kuwasha taa. Alifunga breki akarudi nyuma ya lori. (Kupita lori mahali pale ni kosa hata kama gia zote ni nzima. Nimemwambia ana kwa ana na ninarudia hapa asije akadhani mjomba wake anamtetea.)

Dada hakusema neno hadi walipofika Rironi. Hapo ndipo aliponena maneno matatu tu: "Uza hiki kitu."

Ili uelewe uzito wa maneno hayo, ni vyema ujue kwamba gari hilo lilinunuliwa kwa mkopo wa Sacco, na mdhamini ni yeye. Kijana akishindwa kulipa, akiba ya mama ndiyo itakayochukuliwa. Naye kijana, kama vijana wengi wa mjini, alikuwa ameliota gari hilo tangu utotoni. Hilo silishangai. Colin McRae alishinda Safari Rally kwa Impreza mwaka 1997, Richard Burns akafanya vivyo hivyo mwaka 2000, na wengi wetu tuliosimama kando ya barabara kula vumbi hatujapona hadi leo.

Jioni hiyo mpwa wangu alinipigia simu. "Mjomba, giaboksi imekufa," alisema. Nikamuuliza kama kuna kitu chochote alichobadilisha karibuni. Akanyamaza kidogo, kisha akakiri kwamba wiki mbili kabla ya safari alikuwa ametia oili mpya ya gia. Muuzaji wa duka moja mjini alimpa oili ya 85W-140, akimwambia kwamba gari lenye nguvu linataka oili nzito. Tangu siku hiyo gia ya pili ilikuwa ngumu kila asubuhi, hasa kukiwa na baridi, naye akadhani ni kawaida ya oili ngeni.

Makanga wa matatu

Watu wengi hudhani kazi ya oili ya gia ni moja tu, yaani kuteleza. Wangekuwa sahihi, basi oili inayoteleza zaidi ndiyo ingekuwa bora zaidi. Lakini sivyo.

Mtazame makanga anayerukia matatu ambayo imekwisha kung'oka kituoni. Harukii akiwa amesimama. Hukimbia kwanza kando ya gari hadi mbio zake na za gari zilingane, kisha hushika chuma na kupanda bila kishindo. Ndani ya giaboksi ya mkono mambo ni hayo hayo. Unaposukuma gia, kuna vipande viwili vinavyozunguka kwa kasi tofauti na ambavyo ni lazima vishikane. Katikati yake kuna pete, aghalabu ya shaba ya manjano, ambayo mafundi huiita sinkronaiza. Pete hiyo hujibana kwenye koni ya gia na kwa msuguano huilazimisha kasi ya kipande kimoja ilingane na ya kingine. Zikilingana, meno huingiana na wewe husikii kitu. Kabla ya Cadillac kuanza kuutumia ufundi huu katika magari yake mwaka 1928, ilimbidi dereva alinganishe kasi hizo mwenyewe kwa masikio na mguu.

Sasa fikiria makanga huyo akikimbia kwenye barabara iliyomwagika mafuta. Atateleza tu wala mbio zake hazitalingana na za gari. Ndivyo pete inavyofanya ikipewa oili isiyoifaa. Pete ina mifereji myembamba ya kuusukuma kando utando wa oili ili ipate kushika. Oili ikiwa nzito kupita kiasi, mifereji hiyo inachelewa kuusukuma. Oili ikiwa na kemikali za kuteleza kupita kiasi, pete inashika lakini inasereka. Katika hali zote mbili mkono wako utakuwa umesukuma gia kabla pete haijamaliza kazi, na hapo ndipo utakaposikia "krrr".

Kwa ufupi, oili hiyo hiyo inatakiwa iteleze kwenye meno ya gia na isiteleze sana kwenye pete. Ndiyo maana kuichagua si jambo la kumwachia muuzaji.

Nambari za mkebe

Mkebe wa oili ya gia una nambari mbili za kusoma. Ya kwanza ni ile ya uzito, kwa mfano 75W-90. Sehemu yenye W inahusu baridi: kadiri inavyokuwa ndogo, ndivyo oili inavyotiririka upesi asubuhi kabla gari halijapata joto. Sehemu ya nyuma inahusu uzito wa oili ikiwa na joto la nyuzi 100. Wakazi wa Limuru wanaowasha gari alfajiri ya Julai wataelewa mara moja kwa nini 75W inaingiza gia kwa ulaini kuliko 85W.

Usizilinganishe nambari hizi na za oili ya injini, kwa sababu vipimo vyake ni tofauti. Oili ya gia ya 75W-90 ikishapata joto haipishani sana kwa uzito na oili ya injini ya 10W-40. Kijana wetu hakulijua hilo, naye aliona 90 kuwa nzito tayari na 140 kuwa nzito zaidi, kwa hivyo bora zaidi.

Nambari ya pili ni daraja la API, yaani taasisi ya petroli ya Marekani. Kwa magari madogo utakutana na GL-4 na GL-5. Zote zina kemikali za salfa na fosforasi ambazo hufanya ngozi ngumu juu ya chuma ili meno yanapokandamizana yasilane. GL-5 ina kemikali hizo kwa wingi zaidi. Ni hizo zinazoifanya inuke kama yai viza. Kasoro ni kwamba salfa hiyo kwenye joto jingi inaweza kuila shaba, na pete, kama tulivyosema, ni ya shaba.

Mpwa wangu aliyasoma hayo usiku kucha kwenye intaneti, na asubuhi alikuwa amebadilika kabisa. Sasa alitaka GL-4, tena nyepesi. Alikuwa karibu kutenda kosa la pili ili kurekebisha la kwanza.

Nyumba moja, wapangaji wawili

Nilimpeleka kwa mzee mmoja fundi wa Kariobangi ambaye amefungua giaboksi nyingi kuliko nilizowahi kuona. Kijana alimwamkua, akamweleza shauri lake la GL-4. Mzee alimsikiliza hadi mwisho, akamuuliza, "Kijana, difu ya mbele ya gari lako iko wapi?"

Hakujua. Nami, nikiri, sikuwa nimelifikiria.

Difu ya mbele ya Impreza ya gia za mkono imo ndani ya giaboksi yenyewe, nayo inakunywa oili ile ile. Gia za difu hiyo ni za namna ya hipoidi, ambazo meno yake hayaviringani tu, bali husuguana kwa kuburutana huku yamebeba nguvu yote ya magurudumu ya mbele. Gia za namna hiyo zikikosa kemikali za GL-5, huliwa. Utaanza kusikia mvumo, kisha baada ya muda utalipia difu. Hivyo basi Subaru waliandika katika kitabu cha gari GL-5 ya 75W-90, na pete za shaba zikatengenezwa kuishi na oili hiyo. Tena GL-5 nyingi za siku hizi huwekwa kemikali za kuituliza salfa isiiume shaba.

Magari mengine yana hesabu nyingine. Mitsubishi Lancer Evolution nayo huvuta magurudumu manne, lakini gia zake za hipoidi ziko kwenye nyumba zake zenye oili yake. Honda Civic ya gia za mkono imelaza injini kwa upana na haina hipoidi, kwa hiyo hutaka oili nyepesi ya Honda iitwayo MTF, na Civic za zamani ziliruhusiwa hata oili ya injini. Kuna BMW za miaka ya 1990 zilizotoka kiwandani na oili ya giaboksi za otomatiki ndani ya giaboksi ya mkono. Rafiki yako akikusifia oili fulani, muulize kwanza anaendesha gari gani. Mkebe ulioandikwa LS ni wa difu za aina maalumu. Usiutie kwenye giaboksi, kwani kemikali yake ya kuteleza ndiyo ile inayomwangusha makanga wetu.

Mzee alimwaga ile 85W-140 gari likiwa lingali na joto. Bolti ya chini ina sumaku, na kwenye sumaku hiyo palikuwa na ute wa kijivu, jambo ambalo si la kutisha. Vipande vya chuma ndivyo vya kutisha. Halafu akaichota oili kwa kidole, akaipeleka juani. Ilikuwa ikimetameta kwa unga wa rangi ya dhahabu. Shaba haishikwi na sumaku, msomaji, kwa hivyo ni lazima uitafute kwa macho.

"Hiyo ni pete ya tatu," mzee alisema. "Haikuanza kufa juzi. Oili nzito imeifichua tu."

Kabla ya kuihukumu pete alikuwa ameipima klachi. Kama gia zote zinalia, hata ya kurudi nyuma wakati gari limesimama, klachi ndiyo haiachii, na hakuna oili itakayokusaidia. Ikilia gia moja tu, tafuta pete yake.

Tulinunua 75W-90 ya GL-5, ya sintetiki, kwa bei iliyokuwa karibu mara tatu ya ile ya kwanza. Tulinunua kwa muuzaji aliyekubali kutuandikia risiti yenye jina la duka lake, na mzee alikagua mhuri wa kifuniko kabla ya kuufungua. Aliimimina kidogo kidogo akipima kwa kijiti, kati ya lita tatu na nne, hadi ikafika alama ya juu.

Gia ya pili ililainika siku hiyo hiyo. Ya tano hata huisikii. Ya tatu inaingia vizuri ukiipa nafasi ya kupumua kidogo, lakini ukiikurupusha bado inanung'unika, na itaendelea kunung'unika hadi giaboksi ifunguliwe na pete ibadilishwe. Kazi hiyo mzee ameitajia bei, na kijana ameanza kuiwekea akiba.

Dada naye ameregeza msimamo. Gari halitauzwa kabla mkopo wa Sacco haujaisha, lakini ametoa sharti: akiwa na safari ya Naivasha, atapanda matatu.