Simu Isizimike Kabla ya Misa Kuisha

Mnamo Mei 23, 2015, Sista Irene Stefani, "Nyaatha", alipotangazwa Mwenye Heri katika uwanja wa Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, Nyeri, umati ulifurika. Katika mkusanyiko kama huo, aliyetoka Wamagana na nauli ya kurudi iko kwenye M-Pesa asifanye mzaha na betri.

Penye umati chaji huisha upesi, kwani simu hung'ang'ania mtandao pamoja na maelfu ya nyingine. Izime, uiwashe saa mlizoagana tu. Baridi kali nayo hudhoofisha betri; ifiche mfuko wa ndani wa koti. Baba na mama, mmoja azime yake kabisa mpaka jioni, mtoto asije akapotea nyote mkiwa kimya. Na picha? Mpigaji mmoja atosha jamii nzima.