Kesi ya Wanafunzi wa Visiwani

Asiyesikiliza redio siku hizi huenda ndiye anayelala vizuri. Vita kuu vya Ukraine vilizuka Februari 2022, vya Sudan Aprili 2023, vya Gaza Oktoba mwaka huo huo. Nasi wa visiwani, ambao hatukushauriwa katika lolote, tumevihisi vita vya mbali katika bei ya unga wa ngano na mafuta. Si ajabu kumsikia mtu barazani akisema kwamba dunia imekwisha, na kwamba mnyonge hana la kufanya ila kungoja. Kauli hiyo hatuikubali, na ushahidi tunao.

Mwaka 2019, wanafunzi 27 wa sheria wa Chuo Kikuu cha Pasifiki ya Kusini huko Port Vila, mji mkuu wa Vanuatu, walikata shauri kuzishawishi serikali za visiwa vyao zilifikishe suala la mabadiliko ya tabianchi mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliyoko The Hague. Yafaa ikumbukwe kwamba watu wa Vanuatu hawafiki hata robo ya watu wa Zanzibar. Hapana shaka wapo waliowacheka vijana hao. Lakini serikali yao iliwasikiliza, na jambo hilo peke yake lastahili kutazamwa na kila mwenye kiti ofisini.

Mapema Machi 2023 vimbunga viwili, Judy na Kevin, viliipiga nchi hiyo katika wiki moja. Tarehe 29 ya mwezi huo huo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likaridhia ombi lake bila ya kupiga kura. Desemba 2024 Mahakama ilizisikiliza nchi zaidi ya 90. Siku chache baadaye, tarehe 17, tetemeko la ardhi likaua watu na kubomoa majengo Port Vila. Kesi haikusita. Tarehe 23 Julai 2025 majaji, akiwamo Jaji Julia Sebutinde wa Uganda, walitamka kwa kauli moja kwamba mataifa yana wajibu wa kisheria wa kuilinda hali ya hewa dhidi ya gesi zinazoongeza joto duniani, na kwamba taifa linalouvunja wajibu huo laweza kudaiwa fidia.

Ni kweli kwamba maoni hayo hayana nguvu ya hukumu, na bahari haikurudi nyuma hata shubiri moja. Hata hivyo, mwenye kudai sasa anayo hoja mkononi, na jana hakuwa nayo.

Mahakama ilisema pia kwamba anayetaka fidia sharti aonyeshe uhusiano baina ya kosa na madhara yaliyompata. Hapo ndipo habari ya Pasifiki inapotufikia sisi. Pemba, maji ya chumvi yameingia katika baadhi ya mabonde ya mpunga. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia, katika pwani ambayo vimbunga huifikia kwa nadra. Mkulima anajua bonde lake lilikuwa likitoa polo ngapi na sasa linatoa ngapi, lakini anajua kwa kichwa, na yeye akiondoka hesabu nayo yaondoka.

Tunawaomba basi masheha na mabwana shamba waandike: tarehe, mahali, maji yalipofika, mazao yaliyopotea. Nakala moja ibaki katika shehia na nyingine ipelekwe wilayani, katika jalada ambalo hata mwanafunzi akiliomba atapewa alisome. Kazi hiyo haihitaji mfadhili wala semina ya hotelini. Bamvua lijalo likipanda, karani awe na daftari pwani.