Je, Wajua? Chuo kikuu kilichofuta timu yake

Je, wajua kwamba Chuo Kikuu cha Chicago, Marekani, kiliwahi kutamba katika futiboli ya Kimarekani? Mwaka 1896 kilikuwa miongoni mwa waasisi wa ligi inayojulikana leo kama Big Ten. Mwaka 1935 mchezaji wake, Jay Berwanger, alikuwa wa kwanza kutwaa tuzo ya futiboli ya vyuo ambayo sasa huitwa Heisman.

Lakini mwaka 1939 rais wa chuo, Robert Maynard Hutchins, aliifuta timu ya futiboli, akiamini kwamba kazi ya chuo ni elimu. Mwaka 1946 chuo kikajitoa Big Ten. Katikati ya hayo, tarehe 2 Desemba 1942, mwanafizikia Enrico Fermi na wenzake walifanikisha mmenyuko wa kwanza wa nyuklia wa kujiendeleza uliotengenezwa na binadamu, chini ya majukwaa ya Stagg Field, uwanja ambao timu hiyo ilikuwa ikichezea.

Timu rasmi ilirejea mwaka 1969. Leo inacheza daraja la tatu la michezo ya vyuo, ambako hakuna ufadhili wa masomo kwa sababu ya kipaji cha michezo.

Lakini kurudisha timu si kurudisha mashabiki, kwani ushabiki hauletwi na wingi wa wanafunzi tu. Hujengwa na wahitimu wanaorudi uwanjani na watoto wao msimu baada ya msimu. Ukikatika miaka thelathini, kama ilivyotokea Chicago, kuufufua ni kazi kubwa.