Mpenzi wa mtandaoni akaguliwe kama mzigo

MNUNUZI wa mahindi anayejua kazi yake hafungi bei kwa kutazama gunia kwa nje. Huchoma bambo, akatoa punje chache, akazitafuna kupima unyevu na kuangalia kama zimetobolewa na wadudu, ndipo mazungumzo ya pesa yaanze. Anayenunua simu huiwasha kwanza. Anayenunua vitenge hufungua jora na kukagua rangi. Tabia hiyo ndiyo inayolinda mitaji ya watu wanaovuka Namanga, Busia, Mutukula, Rusumo na Tunduma kila siku ya soko.

Ajabu ni kwamba baadhi ya watu hao hao, waliofundishwa na soko kutomwamini mtu kwa maneno matupu, hutuma mtaji wa miezi kadhaa kwa mtu waliyemjua kwa picha na sauti tu. Hawafanyi hivyo kwa ujinga. Aliyewaomba alikuja kwa sura ya mchumba, na kumkagua mchumba huonekana kama kumvunjia heshima. Tapeli wa mapenzi anaijua aibu hiyo, na ndiyo anayoitegemea.

Kwa nini mfanyabiashara

Mfanyabiashara wa mpakani ni rahisi kupatikana. Namba yake imeandikwa kwenye kibao cha duka, kwenye mfuko wa bidhaa na kwenye makundi ya WhatsApp ya wauzaji. Kila asubuhi huweka picha za mzigo mpya, na mtu asiyemjua anaweza kukisia mtaji wake, miji anayopita na siku anazokuwa safarini. Pesa yake ya kazi iko kwenye simu, tayari kutumwa wakati wowote. Tena ni mtu aliyezoea kuwalipa watu walio nchi nyingine, kwa hiyo namba inayoanza na +254, +255, +256 au +250 haimshtui.

Kuna na upweke. Anayelala gesti usiku tatu kwa wiki, na kurudi nyumbani kukuta watoto wamekwisha kulala, huwa na saa nyingi za kukaa na simu peke yake. Wajane, walioachika na wale ambao biashara imewachelewesha kuoa au kuolewa hujiunga na tovuti na programu za kutafuta wachumba kwa nia safi kabisa. Wapo waliopata wenza humo na wakafunga ndoa. Lakini soko lolote lenye wanunuzi wengi huvuta wezi, na hili nalo lina wake.

Namna mtego unavyotegwa

Picha ni ya mtu mwingine, imechukuliwa kwenye ukurasa wake bila yeye kujua. Kazi anayodai kufanya huwa ya mbali na ya heshima: mhandisi wa meli, daktari wa mashirika ya kimataifa, askari wa kulinda amani, mfanyabiashara wa Dubai. Kazi ya aina hiyo humpa sababu ya kutoonekana. Baada ya siku mbili tatu huomba mazungumzo yahamie WhatsApp, kwa kuwa programu nyingi za wachumba zina kitufe cha kuripoti na hufuta akaunti zenye dalili za utapeli. Huko pembeni hakuna anayemtazama.

Hafanyi haraka kuomba pesa. Kwa wiki kadhaa huuliza hali ya mama, hukumbuka siku ya kufuata mzigo, hutuma salamu alfajiri na usiku. Neno “ndoa” huja mapema kuliko kawaida. Kisha lugha hubadilika. Mtoto amelazwa, akaunti imefungwa, nauli ya kuja kuonana imepungua kidogo. Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ilichambua malalamiko ya mwaka 2022 na kukuta kwamba uongo uliotumika zaidi ni huo wa ugonjwa: yeye mwenyewe, au mtu wake wa karibu, ameumia, anaumwa au amekamatwa. Mwaka huo karibu watu 70,000 nchini humo waliripoti kutapeliwa kwa mapenzi, wakapoteza jumla ya dola bilioni 1.3.

Ipo pia hadithi ya zawadi: mpenzi ametuma kifurushi chenye dhahabu, simu au fedha taslimu, na sasa kimekwama forodhani. Mtu anayejitambulisha kama ofisa wa forodha hupiga simu akitaka ushuru utumwe kwenye namba yake. Hapa mfanyabiashara wa mpakani ana silaha ambayo wengine hawana. Anajua kwamba Tanzania malipo ya Serikali yana namba ya kumbukumbu, na kwamba Uganda na Kenya mamlaka za mapato hutoa hati ya malipo yenye namba yake. Hakuna ushuru halali unaotumwa kwa namba ya simu ya mtu binafsi. Asingekubali kulipia hivyo katoni ya sabuni. Asikubali kulipia hivyo kifurushi cha mpenzi.

Aina ya tatu ndiyo inayomeza mitaji mikubwa. Mpenzi haombi kitu. Anaonyesha faida anayodai kuipata kwenye sarafu za mtandaoni na kumfundisha mwenzake kuwekeza. Kiasi kidogo cha kwanza hurudi na faida kweli ili kujenga imani. Mtu akishaweka fedha nyingi, huambiwa alipe kodi au ada kabla ya kuzitoa. Hapo ndipo mlango hufungwa.

Aliye upande wa pili

Si kila anayeandika maneno hayo matamu yuko huru. Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilieleza Agosti 2023 kwamba watu wasiopungua 120,000 nchini Myanmar na wengine wapatao 100,000 Cambodia huenda wanashikiliwa katika makambi na kulazimishwa kutapeli watu mtandaoni. Wengi walivutwa kwa matangazo ya kazi nzuri Thailand. Vijana kutoka Kenya na Uganda wamo miongoni mwa waliookolewa huko. Kwa hiyo tapeli anayejua utani wa Kisumu au mitaa ya Kampala anaweza kuwa kijana wa huku aliyenyang'anywa pasipoti. Kumtumia fedha hakumkomboi. Zinakwenda kwa bwana wake.

Wengine wako karibu zaidi. Kati ya Julai na Agosti 2025, Interpol iliratibu operesheni katika nchi 14 za Afrika dhidi ya utapeli wa mapenzi na usaliti wa picha za faragha, na watu 260 walikamatwa. Ghana, Senegal na Côte d'Ivoire zilikuwa miongoni mwa nchi hizo. Usaliti huo huanza kwa mahaba. Mtu hushawishiwa kutuma picha au kuvua nguo mbele ya kamera, kisha huambiwa alipe, la sivyo picha zitumwe kwa mumewe, mkewe au wateja wake. Anayelipa mara ya kwanza hudaiwa tena. Njia salama ni kuacha kulipa, kuhifadhi vitisho vyote kama ushahidi, na kwenda polisi.

Hatari ya kukutana

Wapo wasiotaka pesa ya simu peke yake. Wanataka mtu afike. Nchini Kenya neno “mchele” limekuwa na maana nyingine, dawa ya kulevya inayotiwa kwenye kinywaji ili mtu alale na kuibiwa. Januari 27, 2024, maelfu ya watu waliandamana Nairobi na miji mingine ya Kenya kupinga mauaji ya wanawake, baada ya vifo vilivyotokea katika nyumba za kupanga kwa siku chache. Baadhi ya kesi zilizozungumzwa wakati huo zilihusishwa na watu waliofahamiana mtandaoni. Wanaume nao wamo hatarini. Ubalozi wa Marekani nchini Colombia ulitoa onyo Januari 2024 baada ya Wamarekani wanane kufa katika miezi miwili ya mwisho ya 2023, vifo kadhaa vikihusishwa na programu za wachumba.

Kwa anayekwenda kukutana na mtu mara ya kwanza, mahali pawe pa wazi na mchana. Kinywaji kifunguliwe mbele yake na kisiachwe mezani. Usafiri wa kwenda na kurudi awe amejipangia mwenyewe, na asimwambie mgeni gesti anayolala. Fedha za mzigo zisiwe mkononi siku hiyo. Mtu mmoja anayeaminika ajue jina, namba, picha na saa ya kurudi.

Bambo la mapenzi

Ukaguzi wenyewe si mgumu. Picha ya mchumba ipitishwe kwenye Google Lens kuona kama imewahi kuwekwa kwa jina jingine. Aombwe simu ya video ya ghafla. Hata hiyo haitoshi peke yake: Oktoba 2024 polisi wa Hong Kong walitangaza kuwakamata watu 27 waliotumia sura bandia zilizotengenezwa na kompyuta kuwapumbaza wapenzi wa mtandaoni, na hasara ilifika dola milioni 46 hivi. Video ni hatua mojawapo. Hatua ya uhakika ni mtu kuonana na mtu.

Akisema ana duka Mwanza, Goma au Mbale, mfanyabiashara wa mpakani ana wateja na marafiki huko. Simu moja kwa dereva wa lori au mama anayeuza mtaa huo huo itajibu ndani ya siku moja kama duka lipo na kama mwenyewe anajulikana. Hakuna programu inayoshinda mtandao huo wa watu.

Mambo mawili yakataliwe bila mjadala. La kwanza ni kumpa mtu namba ya siri au tarakimu zinazotumwa kwa ujumbe mfupi kuthibitisha akaunti. La pili ni kupokea fedha kwa niaba ya mpenzi na kuzituma kwingine, au kumsajilia laini. Wakala na mwenye duka hupendwa kwa kazi hiyo kwa sababu miamala mingi kwao ni kawaida. Fedha hizo zikiwa za wizi, jina litakaloonekana kwanza ni la aliyepokea. Tanzania, kupiga *106# humwonyesha mtu laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake.

Fedha ikishavuka mpaka

Mpaka unaomfaidi mfanyabiashara humfaidi tapeli pia. Simon Leviev, mwanamume wa Israel aliyepata umaarufu kwa filamu ya Netflix ya mwaka 2022, alilalamikiwa na wanawake wa Norway, Sweden na Uholanzi kwamba alikopa kwa mmoja ili kumtandikia mwingine anasa. Kifungo cha miezi 15 alichohukumiwa Israel Desemba 2019 kilikuwa cha makosa ya zamani nchini humo. Mashtaka ya wanawake hao hayakuwemo.

Kanda hii ina sheria. Uganda ilitunga Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta mwaka 2011, Tanzania Sheria ya Makosa ya Mtandao mwaka 2015, na Kenya pamoja na Rwanda zikatunga zao mwaka 2018. Lakini kila moja husimamiwa na polisi wa nchi yake, na fedha husafiri kwa sekunde huku barua ya ofisi ikichukua wiki. Ndiyo maana saa ya kwanza ina thamani kuliko mwezi mzima unaofuata.

Aliyetuma fedha apige mara moja kampuni ya simu au benki na kuomba muamala uzuiwe. Kwa M-Pesa ya Kenya, ujumbe wa muamala hutumwa kwenda 456. Tanzania, namba na ujumbe wa tapeli huripotiwa 15040. Kenya, idara ya upelelezi hupokea taarifa kwa 0800 722 203, na Rwanda, RIB hupatikana kwa 166. Mazungumzo yasifutwe kwa hasira. Namba za miamala, picha na sauti ndizo zitakazompeleka mtu mahakamani. Kituoni, aombe namba ya kumbukumbu ya taarifa yake, iitwayo RB Tanzania na OB Kenya. Kama fedha ilipokewa nchi jirani, taarifa itolewe pande zote mbili.

Tahadhari moja zaidi: baada ya hasara huja mtu anayedai ni mwanasheria au mtaalamu wa kompyuta, naye hutaka ada ili aikomboe fedha iliyopotea. Mara nyingi ni tapeli yule yule, au amenunua namba kutoka kwake.

Kinachowalinda matapeli kuliko mipaka ni ukimya. Mtu aliyeibiwa lori la vitunguu huwaambia wenzake wote ili wajihadhari na njia hiyo. Aliyeibiwa na mpenzi hunyamaza, na namba ile ile humhamia jirani yake wa kibanda cha pili. Vikundi vya akina mama wa mpakani, vyama vya mawakala na makundi ya madereva yana mahali pa kuzungumza haya bila kucheka mtu, kama wanavyozungumza noti bandia.

Wazee wa kanda hii hawakuoza binti au kijana kwa kutazama sura. Mshenga alitumwa, ukoo ukaulizwa, majirani wakasikilizwa, na hakuna posa iliyoharibika kwa kuulizwa “wewe ni mtoto wa nani?” Simu imemwondoa mshenga katikati. Anayependa kweli hatakasirika akirudishwa. Atataja kwao, atataja siku, na atakuja kwa miguu yake.