Marupurupu ya Kazini na Matunzo ya Mtoto: Kipi Huhesabiwa?

Mzazi aliyeajiriwa anapoitwa katika ofisi ya ustawi wa jamii kuhusu matunzo ya mtoto, mara nyingi huja na karatasi moja tu, hati ya mshahara. Kidole chake huenda moja kwa moja kwenye mstari wa mwisho, penye kiasi kinachoingia benki, naye husema kuwa hicho ndicho alicho nacho. Mzazi mwenzake, ambaye mara nyingi ni mama anayelima pamba au kuuza mboga pembezoni mwa mji wa Bariadi, hana karatasi ya kujibu. Anachojua ni kwamba baba wa mtoto anaishi katika nyumba ya shule asiyoilipia kodi ya pango, kwamba husafiri kikazi na kulipwa posho, na kwamba anayo kadi ya bima ya afya ambayo jina la mtoto halimo. Mambo hayo matatu yote yana uzito, ila uzito wake haulingani.

Sheria inayoongoza shauri la namna hii ni Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Kabla yake, mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa alitegemea sheria ya zamani ambayo haikuruhusu mahakama kuamuru zaidi ya shilingi 100 kwa mwezi. Kikomo hicho kilidumu vitabuni hadi shilingi mia ikawa haitoshi kununua hata soda. Sheria ya sasa iliifuta ile ya zamani, wala haikuweka kikomo kingine mahali pake. Haikuweka asilimia pia. Nchini Uingereza chombo cha serikali huhesabu, kwa mzazi wa kipato cha kawaida, asilimia 12 ya pato la wiki kwa mtoto mmoja na asilimia 16 kwa watoto wawili. Tanzania haina jedwali la aina hiyo. Mahakama hutazama kipato na mali za wazazi wote wawili, jambo lolote lililopunguza uwezo wa mzazi kujipatia kipato, wajibu wake kwa watoto wengine, gharama za maisha mahali mtoto anapoishi, na haki za mtoto zilizotajwa katika sheria hiyo.

Kwa mwajiriwa, ugumu wote umo katika neno “kipato”. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatenganisha mshahara wa msingi na ujira. Mshahara wa msingi ni malipo ya saa za kawaida za kazi, bila posho, bila malipo ya saa za ziada na bila nyongeza ya kazi ya usiku. Ujira ni thamani ya malipo yote yatokanayo na ajira, yawe ya fedha au ya vitu. Tafsiri hizo zilitungwa kwa ajili ya mambo ya kazi, lakini zinamsaidia mtu yeyote anayetaka kujua mfanyakazi anapata nini hasa. Mwenye kuutaja mshahara wa msingi peke yake amesema kweli nusu.

Uchukuliwe mfano wa kubuni wa mwalimu mwenye mshahara wa msingi wa Sh. 800,000. Kwa viwango vya mwaka 2024, anakatwa mchango wa PSSSF wa asilimia 5, yaani Sh. 40,000; bima ya afya asilimia 3, Sh. 24,000, kodi ya mapato Sh. 68,000, mkopo wa elimu ya juu asilimia 15, Sh. 120,000, na ada ya chama cha wafanyakazi asilimia 2, Sh. 16,000. Anabaki na Sh. 532,000. Kisha kuna mkopo wa benki alioununulia kiwanja, unaokatwa Sh. 260,000 kila mwezi. Mstari wa mwisho unasomeka Sh. 272,000, kiasi kinachozidi kidogo tu theluthi moja ya mshahara wa msingi ambayo mtumishi wa umma hutakiwa kubaki nayo baada ya makato.

Je, kipato cha mwalimu huyu ni Sh. 272,000? Kodi, mchango wa hifadhi ya jamii na marejesho ya mkopo wa elimu hakuyachagua, na ni haki yaondolewe kwanza. Mkopo wa benki aliuomba mwenyewe, na kiwanja kilichonunuliwa ni mali yake. Sheria imetaja kipato na mali kwa pamoja. Ingekuwa ajabu mtoto akose uji kwa sababu baba yake anaongeza utajiri. Hata hivyo mkopo haupuuzwi kabisa, kwa kuwa fedha iliyokwisha kukatwa haimo mfukoni, na ikiwa mkopo huo ulilipa matibabu au ada ya watoto wengine, hoja hubadilika. Hati ya mshahara basi isomwe kuanzia juu kwenda chini, na kila kato liulizwe limetoka wapi.

Nyumba ya mwajiri ni rahisi zaidi kuielewa. Asiyelipa pango anabaki na fedha ambayo mwenzake wa daraja lile lile anaipeleka kwa mwenye nyumba. Hata Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 ina kanuni za kuthaminisha nyumba na gari ambavyo mwajiri humpa mfanyakazi. Nyumba haigawanywi na mtoto hawezi kuila, lakini humwondolea mzazi hoja ya kwamba pango linammaliza.

Posho ya safari ni jambo jingine. Hiyo hutolewa ili mtumishi alale na kula akiwa nje ya kituo chake. Kuijumlisha yote kama mshahara ni kumwonea. Lakini posho ya madaraka au ya nyumba inayolipwa kila mwezi pamoja na mshahara ni pato la kudumu, hata ikiitwa posho. Kipimo chepesi ni kuuliza kama fedha hiyo hurudi kila mwezi, na kama mlipwaji hubaki nayo baada ya kazi iliyokusudiwa kukamilika.

Bima ya afya ndiyo stahiki inayosahaulika zaidi, nayo pengine ndiyo inayomgusa mtoto moja kwa moja kuliko zote. Mtumishi wa umma huchangia asilimia 3 ya mshahara wake katika NHIF na mwajiri huongeza asilimia 3, na kwa mchango huo hupata huduma yeye, mwenza wake na wategemezi wasiozidi wanne. Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa ana haki ya matunzo sawa na aliyezaliwa ndani ya ndoa, lakini nafasi nne hujaa upesi, na asiyetajwa mapema hukuta mlango umefungwa. Usajili huhitaji cheti cha kuzaliwa. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano, mpango wa RITA hutoa cheti cha kwanza bila malipo kupitia ofisi za kata na vituo vya tiba. Makubaliano ya matunzo yanapoandikwa, ni vyema yaseme pia kadi itakaa kwa nani, kwa kuwa kadi iliyofungiwa sandukuni Maswa haimsaidii mtoto mwenye homa aliyepelekwa hospitali ya Somanda usiku. Na kadi haichukui nafasi ya chakula wala sare za shule. Inapunguza gharama moja tu.

Si wazazi wote wa Simiyu walio na hati ya mshahara. Kibarua wa kinu cha kuchambulia pamba ana fedha msimu wa ununuzi unapofunguliwa, na miezi mingine hana. Kwake kiwango kimoja cha kila mwezi huzaa malimbikizo asiyoweza kuyalipa. Wazazi wanaopatana mbele ya afisa ustawi wanaweza kuandika kiasi kikubwa kwa miezi ya kinu na kidogo, au magunia ya mahindi, kwa miezi iliyobaki.

Kiwango kilichowekwa leo si cha milele. Mtumishi akipandishwa daraja, akilipwa malimbikizo au akiachishwa kazi, upande wowote unaweza kuiomba mahakama ibadili amri. Kwa kawaida amri hukoma mtoto afikapo miaka 18, lakini inaweza kuendelezwa kwa aliye masomoni.

Mwombaji anaweza kuwa mzazi, mlezi, ndugu au afisa ustawi wa jamii. Bibi anayelea mjukuu hahitaji kumsubiri binti yake arudi kutoka mjini. Suluhu huanzia ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri, na ikishindikana shauri huenda Mahakama ya Watoto, ambayo inaweza kumtaka afisa ustawi aandae taarifa ya uchunguzi wa kijamii kabla ya kuamua. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili anaweza kupata msaada wa bure chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Amri ikishatolewa, sheria ya ajira inamruhusu mwajiri kukata mshahara kwa amri ya mahakama, na hapo mama hana haja ya kupiga simu kila mwisho wa mwezi.

Aendaye ofisini abebe cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki ya mtoto, stakabadhi za ada, dawa na pango, na kumbukumbu za fedha zilizowahi kutumwa kwa simu. Mzazi mwajiriwa alete hati za mshahara za miezi kadhaa, zikiwa na kurasa zote, pamoja na mkataba wake wa ajira.