Je, Wajua? Bando likiisha, simu bado inajua ulipo

Kwa GPS, simu haitumi chochote kwa setilaiti, husikiliza tu. Setilaiti zilizo takriban kilomita 20,200 juu ya ardhi hutangaza saa na mahali zilipo, nayo simu hukokotoa muda ambao mawimbi yametumia kufika. Ikizipata nne, inajua ilipo. Ndiyo maana bando likiisha katikati ya pori, alama yako bado itasogea kwenye skrini. Kinachokosekana ni ramani yenyewe, kwa kuwa programu nyingi huivuta kutoka intaneti kadiri unavyosonga. Bila mtandao, simu pia huchelewa kuzinasa setilaiti, wakati mwingine kwa dakika kadhaa, hasa chini ya miti iliyoshonana. Pakua ramani ya njia yako kabla ya kuondoka nyumbani.