Kuomba na Kudai: Lugha ya Maombi Rasmi katika Tanganyika ya Udhamini

Kitenzi kuomba kimebebeshwa mzigo mkubwa katika Kiswahili. Aombaye chumvi kwa jirani, aombaye kazi afisini, aombaye sadaka njiani na amwombaye Mungu, wote hutumia kitenzi kimoja. Kudai ni jambo jingine: adaiye hujiona ana haki tayari, na adaiwaye ana deni. Kila msemaji aijua tofauti hiyo. Uzito wake katika siasa waonekana vema katika mambo ya Tanganyika baada ya Vita vya Pili vya Dunia.

Mwaka 1946 Tanganyika iliwekwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, Uingereza ikiendelea kuitawala. Kifungu cha 87 cha Mkataba wa Umoja huo kiliruhusu maombi yapokewe na kuchunguzwa na Baraza la Udhamini, kwa kushauriana na mtawala. Hapo ombi lilipata sura mpya. Ombi la kawaida hupelekwa kwa mwenye uwezo wa kutoa au kunyima. Hili lilipelekwa kwa mtu wa tatu. Maneno ya unyenyekevu yalibaki, lakini ndani yake mlikuwa na mashtaka. Kenya, kwa kuwa ilikuwa koloni, haikuwa na mlango huo. Mbiyu Koinange na Achieng Oneko, walipotumwa na KAU mwaka 1951 kwa ajili ya ardhi, iliwapasa kuelekea London, kwenye serikali ile ile iliyolalamikiwa.

Mwezi Novemba 1951 Wameru wapatao 3,000 (wa mlima Meru karibu na Arusha, wala si wale wa Kenya) waliondolewa kwa nguvu Engare Nanyuki ili wapishe mashamba ya Wazungu. Mwaka 1952 Kirilo Japhet, pamoja na mwanasheria Earle Seaton, alilifikisha jambo hilo New York. Kamati ya Nne ilipitisha azimio la kuwaunga mkono. Katika Baraza Kuu halikupata theluthi mbili ya kura.

Ugumu wa ombi la namna hiyo ni wa kisarufi pia. Na zichukuliwe sentensi mbili za kubuni: "Tunaomba tupewe ardhi ile" na "Tunaomba turudishiwe ardhi yetu". Zote ni maombi, na zote, kwa kutumia kauli ya kutendwa katika dhamiri tegemezi, zamwacha mtendaji bila kutajwa, jambo ambalo ni adabu. Lakini ya kwanza yakubali kwamba mtoaji ndiye mwenye mali. Ya pili yaficha dai zima ndani ya mzizi -rudi: hakirudishwi ila kilichochukuliwa. Sheria ya Ardhi ya 1923 ilikuwa imetangaza ardhi yote ya Tanganyika kuwa ya umma, chini ya mamlaka ya Gavana. Mwombaji aliyeandika "tupewe" alikuwa ameikubali sheria hiyo kabla ya kusikilizwa. Aliyeandika "turudishiwe" alikuwa ameikana, na bado hajakosa heshima hata kidogo. Wanaodhani kwamba lugha ya heshima ni lugha ya kushindwa hawajaitazama kwa makini.

Machi 1955 Julius Nyerere alisimama mbele ya Baraza hilo kwa niaba ya TANU, kama mwombaji. Alichotaka kilikuwa tamko la Uingereza kwamba Tanganyika, ijapokuwa ina watu wa rangi mbalimbali, itakuwa hasa nchi ya Waafrika. Kwa kanuni lilikuwa ombi, kwa maana dai.

Udhamini ulikoma kwa uhuru, tarehe 9 Desemba 1961, na mlango wa New York ukafungwa. Tangu hapo kazi kubwa imechukuliwa na risala, isomwayo mbele ya mgeni rasmi: kwanza makaribisho, kisha mafanikio, kisha matatizo, na mwishoni, karibu na shukrani, maombi ya maji, barabara au zahanati. Humo mtu wa tatu hayumo tena. Anayeombwa ndiye aketiye kiti cha mbele, na "tunaomba tupewe" imerudi kwa wingi.